Yaya, ninapanda ambulansi kwa dolari 280: niende mgodini?

BARUA

Yaya, mkubwa wetu, jambo sana.

Mimi ni kijana wa miaka 29, ninakaa Ruashi na mke wangu na mtoto wetu wa miaka 3. Wa pili yuko njiani. Nilisoma ISTM, shule ya juu ya utabibu, hapa Lubumbashi, Kongo, nikatoka na A1, diplome ya juu ya uuguzi. Sasa ni miaka miwili na miezi mitatu ninapanda ambulansi ya kliniki moja ya mtu binafsi. Ninaingia saa moja asubuhi, ninatoka saa moja asubuhi ya kesho yake, ninapumzika siku mbili, ninarudi. Mwisho wa mwezi tunapanga mstari kwa mhasibu, ninasaini listi, ninapewa dolari 280. Juu ya ile listi wameandika "primu", yaani nyongeza, si mshahara. Kontra, mkataba wa kazi, sijawahi kuiona kwa macho. Siku za mapumziko ninachoma sindano na kufunga vidonda hapa mtaani, ninaongeza kama dolari 70.

Si kwamba ninadharau kazi. Mwezi wa pili tuliitwa usiku kwa mama aliyejifungulia nyumbani, damu haikati. Sheria ya kliniki ni mafuta kwanza, gari baadaye. Mume wake alikuwa na nusu ya pesa. Nikatoa franka 10.000 mfukoni mwangu, tukaondoka, mama akapona. Asubuhi dereva wangu akanicheka: "Wewe, ambulansi inakulipa, au wewe ndiye unailipa ambulansi?" Tangu siku ile sina usingizi.

Halafu kaka yangu, mtoto wa mama mdogo, aliye Houston, akanitumia picha kwa simu: paramediki wa Marekani anapata dolari 58.410 kwa mwaka. Niligawanya kwa 12 mara tatu nikidhani nimekosea. 4.867 kwa mwezi, Yaya! Mama yangu anasema niachane na hayo, nitafute matrikuli, ile namba ya mfanyakazi wa Serikali, eti kazi ya Serikali haifi. Na juzi kampuni ndogo ya sutretansi, yaani iliyopewa kazi na kampuni kubwa, inayofanya kazi ndani ya mgodi mmoja upande wa Kolwezi, imeniita: dolari 650 kwa rotasyo, siku 28 kule, siku 14 nyumbani, saa 12 kwa siku. Kwenye karatasi yao siitwi muuguzi, ninaitwa "paramediki". Wanataka jibu Ijumaa. Mke wangu hataki nilale mbali na yeye ana tumbo.

Wewe ulifanya kazi hii kabla yetu. Je, 280 ndiyo bei yangu? Na kwa nini watu wenye damu ileile mikononi wanalipwa hivi hapa na vile kule?

Kijana wa king'ora, Ruashi

JIBU

Mdogo wangu,

Barua yako ina maswali mengi, lakini swali la dereva ndilo lililonishika. Nitaanza hapo.

Kazi ya ambulansi ni vitu viwili: kwenda na kungoja. Watu wanaona kwenda, kwa sababu kuna king'ora na taa. Kungoja hakuna anayekuona. Hesabu saa zako 24: ngapi uko barabarani, ngapi umekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na lango, viatu miguuni, sikio kwa simu? Mimi usiku mwingine sikutoka hata mara moja, na usiku mwingine tulitoka mara sita. Ila hata ule usiku wa bure haukuwa wa bure, maana kama nisingekuwa pale, wa kesho angekufa. Sasa uliza: nani analipa ule ungojaji? Ukijua anayeulipa, umejua mshahara wako unatoka wapi na kwa nini una urefu ule ulio nao.

Kwenye kliniki yako hakuna anayeulipa. Familia inalipa safari, tena kwa kuchangishana, usiku, mama anavuja damu. Kutoka kwenye pesa hiyo mwenye kliniki atoe mafuta, matairi, oksijeni, ndipo akukumbuke wewe. Sisemi ni mtu mbaya. Sisemi ni mtu mzuri pia, maana nitakuonyesha kuna pesa yako anakaa nayo. Lakini hata akiwa malaika, mshahara uliokatwa kwenye mafuta ya Ruashi utakuwa mfupi. Mgodi unalipa kungoja. Hautaki uende popote, unataka ukae pale na begi lako wazi, kwa sababu mtu akibanwa na mashine na hakuna wa kumtoa, kazi inasimama, na saa moja ya kazi iliyosimama inawagharimu kuliko mwaka wako mzima. Ndiyo maana mtu wa mgodini anaweza kulipwa mara mbili akiwa amegusa wagonjwa wachache kuliko wewe.

Twende Houston basi. Ile namba ya kaka yako ni ya kweli, ni ya ofisi ya takwimu za kazi ya Marekani, ya mwezi wa tano 2024. Lakini soma vizuri: ni mshahara wa katikati, maana yake nusu ya maparamediki wanapata chini ya hapo, na ni kabla ya kodi. Katika hesabu hizohizo yuko mwenzake wa ngazi ya chini, anayeitwa EMT, anayepanda gari lilelile: yeye ni 41.340. Kinachowatenganisha ni masomo. EMT anasoma miezi michache, paramediki anaongeza mwaka mmoja au miwili, anaruhusiwa kutia dawa kwenye mshipa na kusoma umeme wa moyo. A1 yako ya ISTM, pamoja na yote uliyoyaona Ruashi, haikuweki kwenye ngazi hata moja kati ya hizo mpaka upate leseni ya kule.

Na hata huko, tafuta anayelipa ungojaji. Paramediki wa zimamoto ya mji analipwa kwa kodi, awe ametoka au hakutoka, na kwa kawaida anapata zaidi. Wa kampuni binafsi ya ambulansi yuko karibu na wewe kuliko unavyodhani: kwa miaka mingi bima za kule zimelipa pale mgonjwa anapobebwa kufikishwa hospitali. Ukimtibu sebuleni akapata nafuu akabaki nyumbani, mara nyingi kampuni haipati kitu. Ni mafuta kwanza, kwa Kiingereza. Jimbo nalo linabadilisha mambo, Washington iliyo upande wa magharibi inalipa juu sana ya ile katikati. Kwa hiyo kaka yako asikutumie picha tu, akuambie kodi ya nyumba analipa pesa ngapi, na jirani yake wa ambulansi anafanya saa ngapi kwa wiki.

Mfano wa Uingereza nautaja kwa sababu moja. Kule mishahara ya ambulansi za NHS, huduma ya afya ya Serikali yao, imeandikwa kwa ngazi, kila mtu anaisoma: anayeanza anaingia ngazi ya 5, baada ya kama miaka 2 anapanda ya 6, usiku unaongeza asilimia 30 na Jumapili asilimia 60. Hakuna kunong'onezana. Sisi huku tunajuana mishahara kama tunavyojuana magonjwa ya aibu. Lakini, mdogo wangu, sisi pia tuna asilimia 30 na 60, ila zimelala ndani ya sheria na hakuna aliyekuonyesha.

Fungua Kodi ya Kazi ya 2002, yaani sheria ya kazi ya Kongo yetu. Wiki ya kazi ni saa 45. Wewe unafanya saa 24 kila siku tatu, yaani kwa wastani saa 8 kila siku ya Mungu, saa 56 kwa wiki. Umezidisha saa 11. Saa 6 za kwanza za ziada zinaongezwa asilimia 30, zinazofuata asilimia 60, na saa za siku ya mapumziko ya wiki asilimia 100. Tuseme 280 ni ya saa 45 tu: saa moja ni kama dolari 1,44. Zile saa 11, pamoja na nyongeza zake, ni karibu dolari 98 kwa mwezi. Bado sijagusa usiku, ambao una nyongeza yake ya asilimia 25. Bosi atakuambia ukikaa kwenye kiti cha plastiki haukuwa unafanya kazi. Hilo ndilo la kumpelekea mkaguzi wa kazi, kwa utaratibu, ukiwa na daftari la zamu zako. Usiende na kelele.

Na hilo la kontra usiyoiona: sheria inasema pasipo maandishi, mnahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho, mpaka mwajiri athibitishe vingine. Kwa hiyo huna "primu" tu, una kazi. Piga picha listi unazosaini, zote, leo. Neno "primu" halikuwekwa pale kwa bahati. Mshahara unadai CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii), likizo, notisi. "Primu" wanataka ionekane kama zawadi.

Mama yako sasa. Mwambie shikamoo yangu, na umwambie ana haki nusu. Serikali inakupima kwa diplome, A2 ya chini, A1, au A0 ya juu, halafu grade na miaka, si kwa begi la ambulansi. Mwenye matrikuli anapata mshahara na primu ya hatari, na hospitali inamwongezea primu ya ndani inayotoka kwenye malipo ya wagonjwa. Lakini wewe na mimi tunawajua wenzetu waliopewa barua ya kazi, wakavaa blouse nyeupe miaka na miaka bila mshahara, wengine wakipata primu bila mshahara, wakila kwa Artiklu 15 (kila mtu ajitafutie) na madesu ya bana (kitu kidogo cha chini ya meza). Mimi niliingoja matrikuli miaka 9. Ilipofika nilikuwa nimeshajifunza kushona nguo za harusi. Peleka dosye yako, ifuatilie, lakini usikae chini ya mti kuingoja. (Mashirika ya misaada nayo yanalipa kwa ngazi zilizoandikwa, hasa kule Kivu, ila ufadhili ukiondoka na kontra inaondoka nao. Hospitali za misheni zinalipa pesa ndogo lakini zinafundisha. Nimepita haraka, hukuuliza hayo.)

Tufike Kolwezi, maana Ijumaa iko karibu.

Umeandika "dolari 650 kwa rotasyo". Ni wewe uliyechagua neno hilo, au ni wao? Kama ni wao, simama hapo. Rotasyo moja ni siku 28 na 14, jumla 42. Kwenye mwaka hakuna rotasyo 12, kuna 8 na kitu. Zidisha kwa 650, gawanya kwa miezi 12: unapata dolari 470 hivi kwa mwezi. Kumbe hukuitwa kwa 650. Na saa? Siku 28 mara saa 12 ni saa 336 ndani ya wiki 6. Gawanya. Saa 56 kwa wiki. Ni zilezile unazofanya sasa! Nilicheka peke yangu nilipomaliza hesabu hii. Kwa hiyo tofauti ni 190 kwa mwezi, utoe sehemu kubwa ya zile 70 za sindano za mtaani, utoe basi la kwenda na kurudi, karibu kilomita 300 kila upande. Inabaki faida, lakini si ile iliyokunyima usingizi. Kama ni 650 kila mwezi, na zile siku 14 zinalipwa, ni habari nyingine kabisa.

Waulize pia usiku ukoje. Saa 12 ni za zamu, lakini ukiwa muuguzi peke yako kambini, na redio imewekwa karibu na mto wako, hizo si saa 12. Nimewaona vijana wamerudi kutoka huko wanashtuka kila simu inapolia.

Waulize ni nani anayesaini. Mgodi wenyewe ukikuajiri, unapimwa kwa ngazi za mgodi. Sutretansi ikikuajiri, mgodi unalipa bei moja, kampuni ndogo inakata yake, inayobaki ndiyo wewe. Na kandarasi yao na mgodi ikiisha, wewe unaisha nayo. Kwa hiyo muda wa kontra ni muhimu. Hapa kuna kitu ambacho wengi hawakijui: kontra ya muda maalumu haipiti miaka 2, lakini kwa mtu aliyeoa na anayetenganishwa na familia yake haipiti mwaka 1. Kambini huendi na mke. Wakikupa ya miaka 2, waonyeshe kifungu hicho kwa tabasamu. Majaribio yakiwepo yaandikwe, na hayawezi kupita miezi 6.

CNSS usiiache. Mwajiri anatoa asilimia 13, wewe 5, na ndani ya zile 13 kuna 1,5 kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazi. Barabara ile unaijua, malori ya shaba na ya asidi yanapishana usiku na mchana. Utachomwa na sindano, utapinduka na gari, Mungu apishe mbali. Asiyeandikishwa CNSS, mchango wake ni wa kikapu kanisani. Omba namba, kisha uende mwenyewe kwenye ofisi yao kuthibitisha.

Na lile jina, "paramediki". Linapendeza kwenye koti. Lakini Serikali yetu inakupima kwa diplome ya uuguzi, kwa hiyo waandike "muuguzi A1, huduma ya dharura", ili siku ukirudi hospitalini miaka yako ihesabiwe. Kama wanataka paramediki wa kweli, wakulipie mafunzo ya kufufua moyo na ya majeruhi, yale ya kimataifa, ambayo vyeti vyake kwa kawaida vinafanywa upya kila baada ya miaka michache. Andika kwenye kontra kwamba wao ndio wanalipia kuvifanya upya. Hivyo vyeti, na Kiingereza cha kuripoti kwa redio, ndivyo vinavyopandisha mtu mgodini kuliko miaka. Wenzako wanajifunza hata Kichina. Anza na Kiingereza, mapumziko yako ni siku mbili kwa tatu, sindano za mtaani zisiyale yote.

Mke wako hajakataa pesa, amekataa kujifungua na wewe uko mbali. Sheria inakupa siku 2 za kazi mke akijifungua. Ukitoka kambini asubuhi, ufike Lubumbashi jioni, siku moja imeliwa na barabara kabla hujamshika mtoto. Kwa hiyo omba kuanza baada ya kujifungua, au rotasyo ya kwanza ipangwe ili zile 14 ziangukie tarehe ya daktari. Kampuni inayokuhitaji inaweza kupanga hilo. Ikikataa hilo dogo kabla hujasaini, umeshajua itakavyokuwa mtoto akipata malaria.

Ungeniuliza ningefanya nini: ningeenda. Si Ijumaa hii, na si kwa 650 ya rotasyo bila CNSS. Kwa bei hiyo bila CNSS ningebaki nikamdai bosi zile 98, kwa sababu ni karibu nusu ya unachokifuata Kolwezi, na hutalala mbali. Kama wataweka 650 kwa mwezi, au rotasyo iliyo kama 900, pamoja na karatasi zake, enda. Ukiondoka, usitoroke. Una miaka 2 kamili ya kazi, notisi yako ni siku 14 za kazi, iandike na uombe wasaini nakala. Huyo bosi utamhitaji siku moja atoe cheti cha huduma.

Leo jioni mpigie yule wa sutretansi, kwa upole, umuulize neno moja tu: rotasyo au mwezi? Akijibu haraka, vizuri. Akianza kuzunguka, mwambie atume maandishi.

Na yule dereva, nimemcheka sana, msalimie. Kisha muulize yeye analipwa ngapi. Nina hofu hata listi ya primu hasaini.

Yaya